Siku Arobaini za Kwanza ni Kazi ya Jumuiya

*Hii ni mada iliyotolewa na mratibu wetu wa afya ya mama na mtoto, ambaye kitaaluma ni muuguzi mkunga, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa, ili kamati ziweze kuisoma na kuijadili katika vikao vyao.*



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya wazazi wanaopata mtoto wao wa kwanza. Najua wapo waliosoma ratiba asubuhi wakajiuliza, hili nalo ni jambo la mkutano wa maendeleo? Tuna visima vya kuchimba, tuna ada za yatima, tuna paa la zahanati linalovuja. Kuzaliwa kwa mtoto ni furaha ya nyumba, na kila nyumba hujua mambo yake. Naomba nianze na hesabu, kisha mtapima wenyewe.

Hesabu iliyogoma kushuka

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio makubwa. Yametokana na chanjo, vyandarua vyenye dawa, matibabu ya malaria na kazi ya watu wengi, wakiwemo baadhi ya mlioketi hapa.

Sasa tuangalie siku 28 za kwanza peke yake. Mwaka 2015/16 walifariki watoto 25 kati ya 1,000. Mwaka 2022 walifariki 24. Tumepunguza mmoja tu. Maana yake ni kwamba kati ya kila watoto 43 tunaowapoteza kabla ya miaka 5, 24 hawamalizi hata mwezi mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea katika wiki ya kwanza.

Na hii si kwa sababu akina mama wamekataa kwenda kujifungulia kwenye vituo. Katika kipindi hicho hicho, wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Mama ameitikia wito. Ameenda, amejifungua, amefungasha kanga zake, amerudi nyumbani. Swali langu kwenu ni hili: akishafika nyumbani, nani anabisha hodi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unashauri mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua. Baada ya hapo waonwe na mhudumu wa afya angalau mara 3: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini mama mwenye mshono, mwenye mtoto wa siku 3, asiye na nauli wala wa kumsindikiza, hakumbuki hata leo ni siku gani. Kama hakuna mtu wa kumwambia, "Mama, kesho twende, mimi nitambeba mtoto," anabaki ndani.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu

Jambo hili wazee wetu walilielewa kabla ya sisi kusoma vitabu. Mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, alikaa ndani siku arobaini. Hakushika jembe, hakuchota maji, hakukata kuni. Uchagani alipikiwa mtori. Pwani aliletewa uji wa pilipili manga na mchuzi. Mama yake, bibi yake au shangazi alihamia pale nyumbani, akalala chumba kimoja naye, akamwonyesha namna ya kumweka mtoto kwenye titi na namna ya kumwogesha. Binti alijifunza umama huku mikono ya mwingine ikiwa imeshika nusu ya mzigo.

Arobaini hiyo si ngeni hata katika imani yetu. Mwinjili Luka anasimulia kuwa wazazi wa Yesu walimpeleka hekaluni siku zilipotimia kwa sheria ya Musa, nasi tunaiadhimisha sikukuu hiyo tarehe 2 Februari, siku ya arobaini tangu Noeli. Luka huyo huyo anatuambia kuwa Maria alipopata habari za ujauzito wa Elizabeti alifunga safari kwenda milimani, akakaa naye kama miezi 3. Hakwenda kumsalimu akarudi jioni.

Sisemi kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa chema. Mimi ni mkunga, nimeona mengi. Kuna kitovu kupakwa majivu, mafuta au kinyesi cha ng'ombe, wakati kinachotakiwa ni kuachwa kikavu na kisafi. Kuna dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, kukamuliwa na kumwagwa eti ni machafu, wakati ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Kuna mtoto wa siku 4 kunyweshwa maji na dawa ya mchango, wakati tumbo lake halihitaji kitu chochote ila maziwa ya mama kwa miezi 6. Kuna mzazi kukandwa kwa maji ya moto mpaka ngozi inababuka. Kuna jiko la mkaa kuingizwa chumbani na madirisha kufungwa ili mzazi apate joto, na hewa ya mkaa ikaua watu waliolala. Haya tuyaache. Lakini tukiyaacha haya, tusimwache na mzazi mwenyewe.

Chumba kimoja cha kupanga

Hali ilivyo sasa mnaijua. Tumfikirie mama kijana wa miaka 21, Mbagala, katika chumba kimoja cha kupanga. Mumewe anaendesha bodaboda ya mtu. Asipotoka leo, hakuna hesabu ya kumpelekea tajiri wala fedha ya mboga. Mama yake mzazi yuko Sumbawanga, ni msimu wa kulima, na nauli ya basi haijapatikana. Majirani ni wema, lakini nao wanatoka alfajiri kwenda kwenye vibarua.

Wageni hawakosekani. Wanakuja na sabuni na khanga, wanakaa, wanapikiwa chai. Na anayepika chai ni nani? Ni yule yule aliyejifungua juzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, ningeomba mgeni apewe jembe siku hiyo hiyo ya kwanza.

Ndani ya chumba kile mambo yanakwenda hivi. Mtoto ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku moja, mchana na usiku. Katika siku za kwanza anapungua uzito kidogo, jambo ambalo ni la kawaida, lakini mama hajaambiwa, kwa hiyo anaamini maziwa yake hayatoshi. Siku ya 3 au ya 4 matiti yanajaa na kuuma, mtoto anashindwa kuyashika vizuri, chuchu zinapasuka. Kilio cha mtoto huongezeka wiki hadi wiki na kufika kileleni karibu na wiki ya 6, hata kama ana afya njema. Jirani wa ukuta wa pili anagonga. Baba anaamka saa 10 alfajiri akiwa hajalala, anapanda pikipiki.

Hofu nazo ni nyingi. Mama wa mtoto wa kiume anaogopa kitovu kisije kikaangukia sehemu za siri za mtoto, kwa kuwa ameambiwa mtoto atakosa nguvu za kiume maisha yake yote. Si kweli, lakini nani amemwambia kuwa si kweli? Na likija lile jambo la kubemenda, nyumba inawaka moto. Mtoto akidhoofika, watu wananong'ona kwamba amebemendwa, kwamba baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamekutana kabla ya wakati. Baba anamtazama mama kwa jicho baya, naye mama hivyo hivyo. Mtoto huyo pengine hanyonyi vizuri tu, au ana maambukizi ambayo dawa ya zahanati ingeyamaliza. Lakini aibu inawazuia kwenda zahanati, kwa sababu kumpeleka ni kama kukiri dhambi. Ndugu zangu, aibu hiyo inaua.

Kisha kuna machozi. Akina mama wengi hulia au kusononeka katika siku za mwanzo, na mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Isipoisha, hiyo ni sonona, na ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa zaidi ni sonona. Tumeizoea kuiita uvivu, deko, au kukosa sala. Mama mwenye sonona huenda anasali sana. Anachokosa ni usingizi, msaada na mtu wa kumsikiliza, na wengine wanahitaji matibabu.

Akina baba nao tusiwasahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba ikampa siku 3. Hao ni waajiriwa. Mwendesha bodaboda, muuza genge na mkulima hawana hata hizo 3. Baba kijana hajui amshike vipi mtoto, hajui mkewe ana nini, na hana mwanamume wa kumuuliza, kwa sababu tumemfundisha kwamba mambo ya uzazi ni ya wanawake.

Je, kutembelea kunasaidia kweli?

Wafadhili wetu wana haki ya kuuliza swali hili, na nitajibu bila kupamba.

Huko Gadchiroli, katika maeneo ya vijijini ya jimbo la Maharashtra nchini India, madaktari Abhay na Rani Bang waliwafundisha wanawake wa kijijini kuwatembelea watoto wachanga majumbani, kutambua dalili za hatari na kutoa matibabu, zikiwemo sindano za kuua vijidudu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na vijiji ambavyo havikuwa na huduma hiyo.

Hapa kwetu, utafiti mkubwa ulifanyika katika wilaya 6 za kusini mwa Tanzania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Kina mama wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi. Malezi ya nyumbani yaliboreka, hasa katika kunyonyesha. Lakini vifo havikuonekana kupungua.

Tofauti hii inatufundisha nini? Kule India mgeni aliyebisha hodi alikuwa na dawa mkononi. Kwetu mgeni alikuwa na ushauri tu, na ushauri hauponyi maambukizi ya damu. Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba mkitembelea nyumba 100 mtakuwa mmeokoa watoto kadhaa. Ziara ya nyumbani ina thamani inapoishia kwenye mlango wa zahanati, na zahanati iwe na mtu na dawa. Paa la zahanati linalovuja na mama aliyejifungua ni habari moja.

Upande wa sonona ushahidi una nguvu zaidi. Katika vijiji vya Pakistani, wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wasio na taaluma ya magonjwa ya akili, walifundishwa namna ya kuzungumza na wajawazito waliokuwa tayari na sonona, na kuendelea nao baada ya kujifungua. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008. Miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona miongoni mwa waliotembelewa kwa utaratibu huo walikuwa 23 katika 100. Miongoni mwa waliotembelewa mara hizo hizo bila mafunzo hayo walikuwa 53 katika 100. Zimbabwe nayo, tangu mwaka 2006, imewatumia bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo. Bibi tunao. Benchi tunazo.

Tunachoziomba kamati

Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA walikubaliana kuwa kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwe kipaumbele cha kichungaji. Tangu wakati huo tumekuwa na kitu ambacho mashirika mengi yanakitafuta kwa fedha nyingi: kikundi cha nyumba chache, zinazojuana kwa majina, zinazokutana kila wiki. Jumuiya inajua nani ameolewa, nani amehamia, nani amefiwa. Akifa mtu, ndani ya saa moja turubai limefungwa, viti vimefika na maharage yako jikoni. Nguvu ile ile tunaiomba kwa anayezaliwa. Utaratibu tunaoupendekeza ni huu.

*Kwanza, majina kabla ya kuzaa.* Kila jumuiya, kwa ridhaa ya wahusika, iwajue wajawazito wa mimba ya kwanza. Kila mmoja apewe watu watatu: mama mtu mzima, mama kijana ambaye bado anakumbuka usiku wa kukesha, na baba mmoja kwa ajili ya mume. Wamtembelee angalau mara moja kabla hajajifungua, ili siku ya shida wasiwe wageni.

*Pili, kalenda.* Watembelee siku anayorudi nyumbani, siku ya 3, ya 7, ya 14, ya 28 na ya 42. Ziara ya siku ya 3, ile ya kati ya siku ya 7 na ya 14, na ile ya wiki ya 6 ziwe ni za kumsindikiza kituoni, na kadi ya kliniki mkononi. Wiki ya 6 mtoto anapata chanjo za matone, sindano ya pentavalenti na nyinginezo, na mama naye anapimwa.

*Tatu, kazi kwanza, maneno baadaye.* Anayebisha hodi afue nepi, achote maji, apike, amshike mtoto ili mama alale saa 2 mfululizo. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Mwenye mafua abaki kwake. Mtoto asibusiwe na kila mtu. Hakuna kupikiwa chai.

*Nne, dalili za hatari zijulikane kwa moyo.* Mtoto anayeacha kunyonya, mwenye degedege, anayepumua haraka pumzi 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, mwenye joto la 37.5 kwenda juu au aliyepoa mwili, asiyechezesha viungo, mwenye njano siku ya kwanza au njano ya viganja na nyayo wakati wowote, au mwenye kitovu chekundu kinachotoa usaha, aende kituoni saa hiyo hiyo. Mama mwenye kutokwa damu nyingi, homa, kichwa kikali na kuona ukungu, uchafu wenye harufu mbaya, mguu uliovimba na kuuma, au pumzi kubana, naye vivyo hivyo. Hakuna kusubiri asubuhi, hakuna kusubiri baba arudi.

*Tano, maswali mawili.* Kuanzia wiki ya 2, mama aulizwe faraghani: Je, siku hizi umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa? Je, mambo uliyokuwa ukiyafurahia bado unayafurahia? Akijibu kwamba hali si nzuri, asihubiriwe. Asikilizwe, apunguziwe kazi, asindikizwe kwa mhudumu wa afya. Akisema anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja.

*Sita, mfuko wa nauli.* Kila jumuiya iwe na akiba ndogo ya bajaji au gari la usiku, na namba za madereva wawili waliokubali kuamshwa. Fedha ishikwe na mtu anayekaa karibu. Mfuko unaohitaji saini tatu ili kutoa nauli saa 8 usiku si mfuko wa nauli.

Haya yote yafanyike pamoja na zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa awamu. Penye mhudumu, sisi tuwe wasaidizi wake. Muuguzi wa zahanati ndiye afundishe watu wetu, na ndiye aseme nani ana ugonjwa. Sisi tunabisha hodi, tunaona, tunasindikiza.

Daftari la michango

Sasa nagusa jambo gumu, na naomba mnivumilie.

Katika jumuiya zetu kuna daftari. Ndani yake kuna zaka, michango ya ujenzi, mahudhurio ya sala. Mtu akija kuomba huduma, daftari linafunguliwa. Sipingi utaratibu wa kanisa, na mapadre wapo hapa. Lakini mama wa mimba ya kwanza mara nyingi ni msichana aliyehamia mtaa ule miezi michache iliyopita. Pengine hajafunga ndoa. Pengine mwenye mimba amemkimbia, naye kwa aibu ameacha kuja jumuiya tangu tumbo lilipoonekana. Pengine si wa dhehebu letu. Daftari likifunguliwa, jina lake halimo. Na huyo ndiye aliye peke yake kuliko wote, na mtoto wake ndiye aliye hatarini zaidi.

Tukumbuke sadaka ambayo wazazi wa Yesu walitoa hekaluni. Sheria ilitaka mwanakondoo, lakini kwa asiye na uwezo iliruhusu ndege wawili. Luka anataja ndege. Walikuwa wazazi maskini, wa mtoto wa kwanza, ambaye mama yake alimzalia mbali na kwao. Sijui kama majina yao yangekuwemo kwenye daftari la Bethlehemu.

Ombi letu ni kwamba kwa siku arobaini daftari lisifunguliwe. Asiulizwe ndoa, asiulizwe zaka, asiulizwe baba wa mtoto ni nani. Mambo ya sakramenti yana wakati wake na yana wachungaji wake. Anayekwenda kufua nepi akafue nepi. Na anayoyaona chumbani yaishie chumbani. Siku siri ya nyumba moja itakaposikika kisimani, nyumba nyingine zote zitafunga milango, na kazi hii itakuwa imekufa.

Neno kwa wafadhili

Kwa wageni wetu, nasema asante kwa moyo wenu, na naomba kusema wazi kinachohitajika. Hatuhitaji fulana, kofia wala bango la uzinduzi. Tunahitaji mafunzo ya siku chache yatakayotolewa na wauguzi wa zahanati zetu, na kurudiwa, kwa sababu watu huhama na husahau. Tunahitaji mbegu ya mfuko wa nauli, ambayo jumuiya zenyewe zitaiongezea. Tunahitaji vipimajoto, mizani, vyandarua vya kuongezea pale vinapokosekana, na dawa na vifaa vya watoto wachanga kwenye zahanati tunakowasindikiza hao wazazi, ikiwemo sehemu ya kumlaza mama aliyejifungua njiti ili amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaruu.

Mtatuomba taarifa, nasi tutazileta. Tutahesabu wazazi wangapi waliandikishwa, wangapi walifikiwa siku ya 3, wangapi walifika kituoni wiki ya 6, wangapi walipelekwa kwa dalili za hatari na nini kilitokea. Watoto watakaofariki tutawataja katika hesabu, hatutawaficha. Picha za akina mama wakiwa vitandani hatutaleta. Naomba mtuelewe katika hilo. Msichana anayejua kwamba akipokea msaada atapigwa picha, atachagua kukaa na njaa yake.

Na tusipime kazi hii kwa mwaka mmoja. Nimeshasema vifo vya watoto wachanga vimegoma kushuka, na havitashuka kwa sababu ya mkutano wetu. Lakini mama aliyelala saa 2, aliyefundishwa kumweka mtoto titini, aliyeambiwa kwamba machozi yake si dhambi, atamnyonyesha mtoto wake na atarudi kliniki. Baba aliyeshikwa mkono na baba mwenzake atabaki nyumbani. Hayo yako ndani ya uwezo wetu kuanzia Jumapili hii.

Ndugu wenyeviti, kabla ya chakula cha mchana mtapewa karatasi moja. Ina mistari mitupu tu. Andikeni majina ya wajawazito wa mimba ya kwanza mnaowafahamu katika jumuiya zenu, na mbele ya kila jina andikeni watatu mtakaowaomba wabishe hodi. Karatasi hizo hazitakusanywa, ni zenu, mrudi nazo. Kama karatasi yako itabaki tupu, usiseme kwamba kwenu hakuna wajawazito. Nenda kaulize kwenye foleni ya maji.